Nyundo Iwekwe Chini Lini?

Magharibi mwa Juba, chini ya Jebel Kujur, kuna wanawake wanaoishi kwa kuponda mawe. Mwamba hupasuliwa vipande vikubwa, vipande hugongwa kwa nyundo hadi viwe kokoto, na kokoto hurundikwa kando ya njia kungoja lori la mjenzi. Mitaa ya upande huo, Gurei ikiwamo, imepokea watu wengi waliorudi baada ya mkataba wa amani wa 2005, kisha waliokimbia mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016. Mwanamke aliyefika mjini bila shamba, bila mtaji na bila cheti hupata riziki pale ambapo haulizwi chochote, na machimboni hakuna anayeuliza. Utakuta wajane, wasichana, na kina mama wenye watoto mgongoni. Utakuta pia wenye mimba kubwa, wameketi chini, miguu imenyooshwa mbele, nyundo mkononi.

Aache kazi lini mwanamke huyu?

Kwa wenye ajira za mjini swali hili lina majibu mengi. Wapo wanaoacha wiki ya 36, wapo wanaosubiri ya 38, na wapo wanaojivunia kwamba walitoka ofisini moja kwa moja hadi chumba cha kujifungulia. Majibu yote hayo yanasimama juu ya jambo moja: anayeulizwa anaweza kuacha, na akiacha, chakula kitaendelea kupikwa nyumbani kwake. Gurei jambo hilo halipo. Ukimuuliza mama wa machimboni ataacha lini, atakujibu kwamba ataacha uchungu ukimshika. Hasemi hivyo kwa ujasiri wala kwa ujinga. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa fedha alizonazo. Dai langu ni kwamba hatuna haki ya kumpa tarehe mama huyo kabla hatujasema nani atalisha watoto wake kuanzia tarehe hiyo.

Ni vyema kuelewa jinsi kazi yenyewe inavyolipa. Kokoto hazilipwi kwa siku, hulipwa zinaponunuliwa. Mama anaweza kugonga wiki nzima na nyingine, rundo likafika magotini, na asipate hata pauni moja kwa kuwa hakuna lori lililosimama mbele yake. Rundo ndilo akiba yake yote na liko nje, mchana na usiku. Akienda nyumbani kupumzika, nani atalilinda? Nani atapatana bei na dereva akifika? Kwa hiyo mimba inapofika mwezi wa nane haimtoi machimboni, humfunga zaidi. Anataka rundo liuzwe kabla ya kujifungua ili apate nauli ya raksha, sabuni, kitenge cha kumfunikia mtoto na unga wa siku za mwanzo. Anaongeza kasi wakati ule ule mwili unapomtaka apunguze. Mtu akimwambia apumzike bila kuuliza habari za rundo, amemwambia aache fedha zake barabarani.

Wauza chai nao wana kifungo cha namna yao. Mama wa chai huketi kwenye kigoda kifupi mbele ya jiko la makaa tangu alfajiri, moshi usoni, na kabla ya kuketi amekwisha kubeba maji. Mali yake kubwa ni mahali anapokaa na wateja waliozoea chai yake. Akikosekana miezi miwili, mwingine atakuwa amekaa hapo, na wateja hawatamfuata nyumbani. Anachopoteza kwa kupumzika ni ujira wa siku hizo na biashara yenyewe.

Sheria ipo. Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya 2017 inampa mwajiriwa siku 90 za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Katiba ya Mpito ya 2011, ibara ya 16, inaziagiza ngazi zote za serikali kuwapa wajawazito na wanaonyonyesha huduma za uzazi na matibabu. Majirani wana zao: Kenya miezi mitatu kwa sheria ya 2007, Uganda siku 60 za kazi kwa sheria ya 2006, Tanzania siku 84 kwa sheria ya 2004, zikiwa 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka wiki zisizopungua 14. Likizo zote hizo zinamkusudia mtu mwenye mwajiri. Mwamba hauna idara ya utumishi, na mama wa machimboni hayumo hata katika moja.

Hata walio na mwajiri wana tatizo ambalo halisemwi vya kutosha. Likizo ikiwa ni fungu moja la siku zisizoongezeka, kila siku utakayoitumia kabla ya kujifungua unaikata katika siku za kukaa na mtoto. Sheria ya Tanzania inaruhusu likizo ianze wiki nne kabla ya tarehe inayotarajiwa, na mapema zaidi daktari akithibitisha. Lakini ni mama gani atakubali kuzila wiki nne hizo akijua atarudishwa kazini mtoto akiwa na miezi miwili? Anajikaza. Muuguzi anazunguka wodini na miguu iliyovimba, mwalimu anasimama ubaoni hadi wiki ya 39, na wenzake wanamsifu kwa moyo wake. Ninawaheshimu sana wanawake hao, ila sifa hizo zinatusaidia sisi wengine kuepa kulipa. Ujerumani mama hupewa wiki sita kabla na wiki nane baada ya kujifungua, zikiwa na malipo, na mtoto akiwahi, siku ambazo hazikutumika kabla huhamishiwa baada. Aliyepumzika kabla hakumpunguzia mwanawe hata siku moja. Namna hiyo ya kuandika sheria inawezekana hata katika nchi maskini, maana jambo kubwa hapo ni kutenga mafungu mawili badala ya moja. Tanzania yenyewe mwaka 2025 ilirekebisha sheria yake ili mama wa mtoto njiti asipoteze likizo kwa wiki ambazo mtoto alipaswa kuwa bado tumboni. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, na kuifuata si mzigo mkubwa kwa majirani zake.

Juba kuna jambo jingine la uchungu. Wafanyakazi wa serikali ya Sudan Kusini wamepitisha vipindi virefu bila mshahara, na mwaka 2024, baada ya bomba la mafuta linalopitia Sudan kuharibika mwezi Februari, hali ilizidi kuwa mbaya, wengi wakakaa miezi mingi mikono mitupu. Likizo yenye mshahara kamili haimfai kitu mwalimu ambaye mshahara wenyewe haujafika. Ndiyo maana mwalimu au karani wa Juba mwenye mimba naye huweka meza ya nyanya au ya maandazi jioni. Kwake kazi ni mbili, na ile inayomlisha haina likizo.

Tuje kwenye mwili. Kuna kauli inayorudiwa kila mahali katika Afrika Mashariki: mimba si ugonjwa. Ni kweli, na imewasaidia wanawake wengi kutodharauliwa kazini na kutofukuzwa kwa kisingizio cha kuhurumiwa. Mwanamke mwenye afya anayefanya kazi nyepesi, anayeweza kukaa, kusimama, kunywa maji na kwenda msalani anapotaka, hana sababu ya kitabibu ya kuacha mapema. Kazi ya namna hiyo haimdhuru yeye wala mtoto. Lakini kauli hiyo imebebeshwa mizigo isiyo yake. Inatumiwa kumtaka mama abebe debe la maji, ainue mawe, asimame saa kumi bila kukaa, afanye zamu za usiku mfululizo. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi zimehusisha kuinua vitu vizito, kusimama muda mrefu na kazi za usiku na ongezeko la watoto wanaozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo. Ongezeko lenyewe si kubwa kwa mtu mmoja mmoja. Ila mahali ambapo mtoto njiti hana mashine ya kumsaidia kupumua wala joto la kutosha, ongezeko dogo ni kaburi.

Kwa hiyo kuuliza wiki peke yake hakutoshi. Kwanza uliza kazi. Anayeketi ofisini chini ya feni na anayepasua mwamba juani hawawezi kupewa tarehe moja, na sheria zetu karibu zote zinawapa moja.

Na jua la Juba si la kawaida. Februari na Machi mji huwaka. Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto, na Februari 2025 ikazifunga tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila tangazo hilo halikuwahusu wenye mimba walioko machimboni, ambako hakuna hata dari. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2022 uliwafuata wakulima wajawazito 92 wakiwa kazini shambani, wakipimwa joto la mwili wao na mapigo ya moyo ya mtoto tumboni. Joto lilipomzidi mama, mtoto naye alionyesha dalili za kuzidiwa. Wale walikuwa wakipalilia na kuvuna, kazi ambayo kila bibi wa Afrika Mashariki ameifanya na mimba. Sasa ondoa jembe, weka nyundo, ondoa majani, weka jiwe linalorudisha joto usoni, kisha fikiri hali ya mtoto.

Nikitakiwa nitaje tarehe, nitataja, mradi ieleweke kwamba sauti ya mkunga aliyempima mama ni kubwa kuliko yangu. Anayeponda mawe aache kuinua na kupasua vipande vikubwa mapema, mwezi wa sita ukipatikana, na asipite mwezi wa saba. Mwezi wa nane asiguse nyundo kabisa. Muuza chai amwachie mwingine maji na makaa tangu mwezi wa sita, aendelee kuketi na kuuza hadi wiki chache za mwisho. Mwenye kazi ya ofisini aache wiki mbili au tatu kabla. Na msimu wa joto kali uzifanye tarehe hizo ziwe za mapema zaidi kwa kila mtu wa juani.

Kuna hali ambazo hazingoji tarehe yoyote: damu kutoka ukeni, kichwa kinachouma vibaya kisichotulia, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, maji kutoka kabla ya uchungu, degedege, au mtoto aliyekuwa akicheza kunyamaza. Mama mwenye moja ya hayo haachi kazi ili akapumzike, anaacha ili aende kwenye kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama mimba ina miezi mitano. Shinikizo la damu la mimba huua haraka na huanza na vitu vinavyofanana na uchovu wa kazi. Anayeponda mawe kila siku huumwa kichwa kila siku. Atajuaje cha leo si cha jana, kama hajapimwa?

Na kupimwa kwenyewe ni siku ya kazi iliyopotea. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara nane: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Tazama zilivyopangwa. Tano kati ya nane ziko ndani ya wiki kumi za mwisho. Kwa mwenye mshahara hizo ni asubuhi tano za ruhusa. Kwa mama wa Gurei ni siku tano zisizo na ujira, pamoja na foleni, pamoja na nauli, katika miezi ile ile anayohangaika kuweka akiba. Hapo ndipo kliniki huachwa. Watu wa afya humlaumu kwamba hakuhudhuria, na kadi yake huonyesha nafasi tupu, lakini nafasi hizo tupu zililipa chakula cha watoto wengine nyumbani. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu Gurei, ningelipa siku hizo tano. Ni kiasi kidogo sana kwa serikali au kwa shirika lolote lenye magari meupe yanayopita barabara ya Yei.

Hata hivyo sababu kubwa ya kuacha kabla ya uchungu, kwa mazingira ya Juba, naiona mahali pengine. Tunazungumza juu ya kupumzika, kana kwamba lengo ni kulala. Gurei lengo ni mama apatikane. Watoto wachache sana, kiasi cha mmoja kati ya 20, huzaliwa katika tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Wengine huwahi wiki mbili, wengine huchelewa wiki mbili, na yote hayo ni kawaida. Uchungu ukimkuta mama machimboni saa kumi jioni, mwenye simu hayupo, aliyekuwa amekubali kumpeleka hajui, watoto wamefungiwa, fedha iko kwa mtu aliyenunua kokoto na hajalipa. Mvua ikinyesha, na Juba hunyesha tangu Aprili hadi Oktoba au zaidi, njia za mtaani hugeuka tope ambalo pikipiki haipiti. Usiku watu huogopa kutoka kwa sababu ya usalama, na madereva nao huogopa. Safari ya kwenda Hospitali ya Mafunzo ya Juba ambayo mchana si ndefu, usiku wa mvua inaweza kukosekana kabisa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili.

Kwa hiyo wiki mbili au tatu za mwisho ni za kujipanga: kujua ni dereva gani atapigiwa simu, kumlipa sehemu ya nauli kabla, kujua ni jirani gani atalala na watoto, kuhamia kwa dada aliye karibu na hospitali kama yupo, kuwa na mtu anayekuona kila siku na kuweza kusema leo hauko sawa. Hakuna lolote kati ya hayo linalofanyika mtu akiwa ameinama juu ya jiwe tangu alfajiri hadi magharibi.

Wazee watasema, na nimewasikia wakisema kuanzia Juba hadi Mombasa, kwamba mama zao walilima hadi siku ya uchungu, wakajifungua chini ya mti na kesho yake wakarudi shambani. Wanaosimulia hivyo ni watoto wa waliosalimika. Utafiti wa kaya wa mwaka 2006 ulikadiria kwamba kusini mwa Sudan wanawake 2,054 walikufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, idadi ya kutisha kuliko karibu zote zilizojulikana duniani. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2020 yalikuwa 1,223. Nchi ilipopata uhuru mwaka 2011 wakunga wenye usajili kamili walikuwa hawafiki kumi, ndiyo maana kufunguliwa kwa chuo cha wauguzi na wakunga Juba mwaka 2010 kulikuwa jambo kubwa, na wahitimu wake wameokoa maisha. Kushuka kwa namba hizo kumeletwa na mikono ya watu waliosoma, pamoja na wanawake waliofika walipo hao waliosoma.

Tena wazee hao husahau nusu ya hadithi yao. Mama zao hawakuwa peke yao. Mimba ilipokomaa, mawifi walichota maji, mama mkwe alichukua jembe, mtoto mkubwa alitumwa kuni. Pwani yetu mzazi alikaa arobaini ndani, akipikiwa na kukandwa, na kabla ya hapo kungwi au shangazi alikuwa amekwisha hamia nyumbani. Ulikuwa mfumo wa likizo ya uzazi, wenye watu wa kuulipia. Vita viliwatawanya watu hao. Mama wa Gurei ana wifi yuko kambini Uganda, mama mkwe alizikwa njiani, mume yuko kikosini au hajulikani alipo. Kumtaka aishi kama bibi yake bila kumrudishia watu wa bibi yake ni kumwonea.

Waume walioko nao wasijitoe. Mwanaume anayeendesha boda boda au anayefanya kibarua cha ujenzi Juba ananunua chai, anaweka muda wa simu, anakaa na wenzake jioni. Sisemi ni tajiri. Nasema miezi mitatu ya mwisho ya mimba ya mkewe fedha hizo zina mwenyewe, na maji ya nyumbani anaweza kuyabeba yeye. Kuna mitaa ambako mwanaume akionekana na mtungi kichwani atachekwa. Acheni wacheke.

Kuna kundi jingine ambalo lazima litajwe, kwa sababu wengi wao wanasoma Kiswahili: wanawake wa Uganda, Kenya, Kongo na Tanzania wanaofanya kazi Juba, mahotelini, kwenye saluni, sokoni Konyokonyo na Custom. Kwao kuna hesabu ya ziada, maana wengi wanataka kujifungulia nyumbani. Barabara ya Juba hadi mpaka wa Nimule ina urefu wa kilomita 192 na ni ya lami, lakini imewahi kushambuliwa na wenye silaha mara nyingi, na baada ya mpaka bado kuna saa nyingi za basi. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hukataa kumbeba mwenye mimba ya mtoto mmoja ikipita wiki ya 36. Kwa hiyo dada anayesema atafanya kazi hadi mwisho kisha aende kwao, hana mwisho wa namna hiyo. Mwisho wake ni mwezi wa saba au mwanzoni mwa wa nane, akitaka kusafiri salama. Akichelewa, aseme wazi kwamba atajifungulia Juba, atafute kliniki Juba, na aache kuishi katikati ya mipango miwili.

Fedha zitoke wapi? Zipo njia ambazo hazihitaji kungoja bunge. Juba wanawake wana chama cha kuchangiana wanachokiita sanduk: kila mwanachama hutoa kiasi fulani kwa wiki au kwa mwezi, na zamu huzunguka. Sanduk nyingi hupanga zamu kwa kura au kwa kupatana. Wakubaliane kwamba mwenye mimba huruka foleni na kupokea mwezi wake wa nane, kisha aendelee kuchangia baada ya arobaini. Hakuna senti inayopotea, kinachobadilika ni zamu tu. Machimboni nako wanunuzi wanajulikana. Mjenzi anayechukua kokoto mahali pamoja mwaka mzima anaweza kununua rundo la mwenye mimba kwanza, hata kabla halijakamilika, na kikundi kikalikamilisha. Haya ni mambo ya kikao cha jioni moja.

Lakini msaada wa majirani usiwe kisingizio cha serikali kukaa kimya. Rwanda, mwanachama mwenzake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilipitisha sheria mwaka 2016 inayomtaka mwajiri na mwajiriwa kila mmoja achangie asilimia 0.3 ya mshahara katika mfuko wa uzazi, nao mfuko ndio unaolipa sehemu ya likizo badala ya mwajiri peke yake. Mwajiri hana tena sababu ya kuogopa tumbo la mfanyakazi wake. Sudan Kusini iliingia Jumuiya hiyo mwaka 2016. Ina mafuta, na mafuta hayo yanaweza kuchangia mfuko wa namna hiyo kwa niaba ya wasio na mwajiri. Watawala wasiniambie haiwezekani. Waniambie wamepanga kutumia fedha kwa kitu gani kinachowazidi wanawake hawa.

Sasa nageukia wenye biashara. Baadhi ya hoteli ndogo, saluni, maduka na kampuni za ujenzi za Juba ziko mikononi mwa watu wa Afrika Mashariki, Wakenya na Waganda wakiwamo. Katika sehemu hizo msichana tumbo likianza kuonekana huambiwa asije kesho, na anayemwambia ni mtu ambaye kwao sheria inamkataza. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema wazi kwamba mimba si sababu halali ya kumfukuza mfanyakazi. Mkenya hawezi kuiacha sheria hiyo mpakani Malaba akavuka bila hiyo. Sheria ya Juba nayo inakudai siku 90.

Ndugu msomaji mwenye hoteli, mwenye saluni, mwenye malori yanayochukua kokoto chini ya Jebel Kujur: wiki hii, muulize kila mfanyakazi na kila muuzaji wako mwenye mimba tarehe yake ya kliniki. Mpe kazi ya kukaa kuanzia sasa. Andika siku atakayoacha, andika utakachomlipa kuanzia siku hiyo, mpe karatasi hiyo mkononi, na umwekee nafasi yake hadi arudi.